Wakazi Waitwe Kabla ya Mchoro: Mhadhara juu ya Makazi Mapya ya Lubumbashi



Lubumbashi inapanuka, na safari hii inapanuka pamoja na michoro mizuri. Upande wa uwanja wa ndege wa Luano kuna mradi wa Kiswishi, ambao hapo mwanzo uliitwa Luano City: hekta 4,000 zinazopangwa na Rendeavour, kampuni ileile inayojenga Tatu City karibu na Nairobi. Ukiacha huo mkubwa, mashamba ya komine Annexe yanakatwa vipande kila mwaka, na siku hizi muuzaji hakosi kutaja umeme wa jua, miti kando ya njia na maji ya mvua yanayohifadhiwa. Nayapokea maneno hayo kwa moyo mkunjufu, maana mji uliozaliwa katika moshi wa shaba una haki ya kutamani hewa safi. Ninachotaka kujadili leo ni saa ambayo mkazi huitwa kwenye shauri hilo. Mara nyingi huitwa mchoro ukiwa umekwisha kuchapishwa kwa rangi. Huonyeshwa, huombwa maoni, hupewa soda, huenda zake.

Hoja yangu ni moja. Wakazi wa mji huu hupanga mji wao siku zote, waitwe wasiitwe. Wasipoitwa mapema, hupanga kwa kuchelewa, kwa tofali na nyundo, juu ya kazi ya mpangaji wa kwanza, na gharama hulipwa mara mbili. Kwa hiyo swali la kama washirikishwe au wasishirikishwe historia imekwisha kulijibu. Yaliyobaki ni mawili: waitwe saa ngapi, na wakija wawe na uwezo gani.

Tuanze na historia yenyewe. Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati wa ukoloni, ilipoanzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli ilipofika kutoka Rhodesia, ilichorwa kwa rula: njia zinakatana kwa pembe mraba, Wazungu upande wao, Waafrika upande wao, na baadaye katikati ukanda mtupu ulioitwa zone neutre, uliotetewa kwa hoja za afya. Kinu cha kuyeyushia shaba kikaanza kazi mwaka 1911. Upepo wetu kwa sehemu kubwa ya mwaka hutoka kusini-mashariki, na moshi ukafuata njia yake kuelekea kaskazini-magharibi, juu ya kampi ya wafanyakazi, huku mji wa wakubwa ukisalimika. Wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima udongo wa kartiye Gécamines na wa Penga Penga, wakakuta shaba na metali nyingine nyingi kiasi kwamba katika baadhi ya malupango, yaani viwanja vya nyumba, wamelazimika kujaribu nyasi maalumu ili ardhi isibaki uchi. Bila shaka aliyechora hakuwa mjinga. Alijua upepo unavuma wapi. Kilichokosekana mezani pake ni mtu ambaye angelala chini ya moshi huo, mwenye ruhusa ya kusema hapana.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière, kampuni ya shaba, iliacha kuajiri watu kwa miezi michache na kuwarudisha vijijini, ikaanza kuwaweka mjini pamoja na wake na watoto wao. Ikajenga nyumba za matofali, zahanati, shule, ikagawa posho. Wazee wa Gécamines husifu kampi hizo mpaka leo, na sifa yao ni ya haki kwa vipimo vya wakati ule. Lakini ndani ya kampi kila jambo liliamuliwa na mwenye kazi. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma wakidai mshahara. Wakapigwa risasi na askari hapahapa mjini, na makumi walikufa. Baada ya vita, mwaka 1946, serikali ya kikoloni iliruhusu mabaraza ya wafanyakazi Waafrika ndani ya makampuni, na Union Minière ikawa na yake. Wajumbe waliweza kueleza shida za posho, za nyumba, za maji. Kuamua hawakuweza. Nalitaja baraza lile kwa sababu ndilo umbo la ushirikishwaji tulilorithi: mkazi anasema, katibu anaandika, mkubwa anaamua, na daftari linafungwa.

Kisha kampuni ikaanguka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, na Gécamines, mrithi wa Union Minière, ambayo katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ilikuwa chini ya tani 50,000 kufikia 1993. Posho ikakatika. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Hapo ndipo wakazi walipoanza kupanga waziwazi. Tembea katika kampi ya zamani, au Katuba, au komine Kenya, usome kuta. Kibaraza cha mbele kimezibwa kuwa duka, na dirisha lake limegeuzwa kuelekea njiani. Mwisho wa lupango kimejengwa kijumba cha vyumba viwili, cha kupangisha. Jiko limetoka nje. Mvua zikianza mahindi hufika hadi chini ya madirisha, na karibu na ukuta kuna kisima kilichofunikwa bati, kwa kuwa bomba la Regideso, shirika la maji, linajulikana tabia yake. Kila nyongeza kati ya hizo ni maoni yaliyotolewa baada ya kikao kufungwa. Ukizihesabu mtaa kwa mtaa utapata orodha kamili ya yale ambayo mchoro wa kwanza haukuyauliza: pesa ya nyumba itatoka wapi mshahara ukikoma, maji yatatoka wapi bomba likikauka, na chakula je?

Niwasogeze karibu zaidi na jambo moja, la kupikia. Mchoro wa nyumba endelevu huweka jiko la umeme ndani, katika chumba chembamba chenye dirisha moja. SNEL, shirika la umeme, inapokata umeme jioni, mama mwenye nyumba huwasha mbabula, jiko la makaa, au makala kama tusemavyo hapa. Makala hayawashwi ndani ila kwa kuwahatarisha watoto, kwa hiyo mbabula hutoka barazani. Pasipo na baraza hukaa kwenye ngazi. Na kama ni ghorofa, hukaa katika korido ya watu wote. Mwaka wa pili korido imekuwa nyeusi, mwaka wa tatu kuna kesi kati ya majirani, na mpangaji anaandika ripoti kuhusu tabia za watu. Angeuliza mapema angeambiwa kwa sentensi moja: mahali pa mbabula ni pa lazima, panahitaji paa na hewa, hata kama umeme wa jua umeahidiwa. Na huyo anayetaka kuokoa miti ya miombo isiishie katika magunia ya makala angejua kwamba mbabula unaotumia makala kidogo, ukiwekwa mahali pazuri, unaokoa miti mingi kuliko jiko la umeme lisilo na umeme.

Jambo la pili ni kilio. Mtu akifariki, watu hukaa kilio kwa siku kadhaa. Viti hukodiwa, turubai hufungwa, sufuria za bukari hukaa nje, na ndugu waliotoka Kolwezi au Kasumbalesa hulala hapohapo. Lupango kubwa la kizamani hubeba kilio. Nyumba zilizobanwa ili kuokoa ardhi, bila uwanja wa pamoja, hazikibebi, na turubai huvuka ukuta, huziba njia, na gari la wagonjwa halipiti. Hakuna shule ya uhandisi inayofundisha hesabu ya kilio. Wanawake wa Katuba wanaijua kwa vichwa: watu wangapi, maji ndoo ngapi, vyoo vingapi, kwa siku ngapi. Hesabu hiyo ni ya kiufundi kama hesabu ya mfereji wa mvua, na mahali pake ni kwenye mchoro.

Kuna waliokwisha kukubali hayo yote wakafikiri kwamba dawa ni kupata mbunifu mwenye moyo mwema. Kisa cha Gourna, karibu na Luxor nchini Misri, kinawajibu. Katikati ya miaka ya 1940 mbunifu Hassan Fathy alipewa kazi ya kujenga kijiji kipya cha kuwahamishia watu waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale. Alitumia udongo wa mahali, mafundi wa mahali, kuba zinazopoza nyumba bila mashine. Leo tungemwita bingwa wa makazi endelevu, na wanafunzi wa ubunifu bado wanamsoma duniani kote. Alitaka hata kuzungumza na kila familia juu ya nyumba yake. Wakazi walio wengi walikataa kuhamia. Riziki yao ilikuwa kule kwenye makaburi, na hakuna aliyekuwa amewauliza kama wanataka kuondoka. Fathy aliuliza maswali mazuri yote isipokuwa lile la kwanza, ambalo halikuwa mikononi mwake. Kumshirikisha mtu katika kuchagua umbo la dirisha, wakati mahali penyewe pamekwisha kuamuliwa na mwingine, ni adabu tu.

Sheria yetu inajua hilo kuliko tunavyoitumia. Katiba ya 2006 inatambua haki ya makazi bora, maji na umeme katika ibara ya 48, na ibara ya 34 inadai fidia ya haki itolewe kabla mtu hajanyang'anywa mali yake kwa manufaa ya umma. Sheria ya mazingira ya Julai 2011 inaweka ushiriki wa wananchi kati ya misingi yake, inadai utafiti wa athari kwa miradi mikubwa, na inataja uchunguzi wa hadhara unaotangulia. Tatizo liko katika utekelezaji, na hasa katika mpangilio wa saa. Utafiti wa athari huhitaji mradi uliokwisha kuelezwa. Hivyo wananchi wanapoulizwa, mradi tayari una mipaka, idadi ya nyumba, mkopo na tarehe. Wanaulizwa madhara yapunguzwe vipi. Zaidi ya hayo, jalada limeandikwa kwa Kifaransa kizito, katika mji ambao soko, kanisa na kilio huendeshwa kwa Kiswahili, lugha ambayo katiba hiyohiyo inaitambua kuwa mojawapo ya lugha za taifa. Wala asiseme mtu kwamba mambo ya mji hayaandikiki kwa Kiswahili chetu. Mwaka 1965 kundi la watumishi wa nyumbani wa zamani, kwa mkono wa André Yav, liliandika historia ya Élisabethville kwa Kiswahili cha hapahapa, na wasomi wa ng'ambo wakaja kuihariri na kuitafsiri. Watu walioweza kuiandika historia ya mji wanaweza kusoma maelezo ya mfereji.

Sasa niwageukie wapinzani, maana baadhi yao wana hoja nzito. Wa kwanza husema: mradi mpya hujengwa mahali patupu, hivyo hakuna mkazi wa kumwita. Mahali patupu pembezoni mwa Lubumbashi ni nadra sana. Kwa mujibu wa sheria ya Julai 1973 ardhi yote ni mali ya serikali, na hati inayotambulika ni cheti cha usajili. Ardhi za kimila ziliahidiwa amri yake maalumu, na amri hiyo haijawahi kutoka. Matokeo yake ramani ya ofisini huonyesha weupe mahali ambapo kuna mashamba ya mahindi, matanuru ya matofali yaliyofyatuliwa kwa udongo wa vichuguu, wachoma makala, na vijiji vyenye mashefu. Mwaka 2009, mwezi Novemba, polisi walibomoa mamia ya nyumba Kawama, jirani na mgodi wa Luiswishi, kwa tingatinga za kampuni ya uchimbaji. Amnesty International iliandika kisa hicho kwa kirefu katika ripoti ya 2014. Hata pale ambapo kweli hakuna nyumba, yupo jirani wa bondeni. Novemba 2025 maji machafu ya kiwanda cha kampuni ya madini ya CDM yalipoingia katika mitaa ya Annexe, na serikali ikasimamisha shughuli za kiwanda hicho, hakuna aliyehitaji kufundishwa kwamba anachofanya mtu wa juu humfikia wa chini. Mtaa mpya wenye visima virefu hunywa kutoka chini ya ardhi ileile ya jirani yake mwenye kisima kifupi, ambacho Septemba na Oktoba hukaribia kukauka. Huyo jirani ni mkazi wa mradi, apende asipende.

Na huyo atakayehamia baadaye? Jina lake halijulikani, lakini aina yake inajulikana. Ni mpangaji wa chumba Kenya, ni mwalimu wa Kampemba, ni mjane wa Ruashi anayeishi kwa kodi ya kijumba cha nyuma. Mwekezaji hujua vizuri kumtafuta anapotaka kumuuzia. Anaweza kumtafuta pia anapotaka kumsikiliza.

Hoja ya pili ni ya muda na pesa. Mwekezaji ana mkopo, riba haisubiri baraza. Nakubali kwamba kushirikisha kunachelewesha. Lakini linganisha na mfano ulio karibu zaidi nasi, Mukuru, mitaa ya mabanda katika eneo la viwanda la Nairobi. Agosti 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza mitaa hiyo kuwa eneo maalumu la upangaji. Kaya zipatazo 100,000 zilipangwa kuanzia makundi madogo ya kaya kumi kumi, kila kundi likitoa mjumbe, kwa kazi kubwa ya Muungano wa Wanavijiji. Wahandisi, wanasheria, watu wa afya na vyuo wakaingia kwa mada zao. Moja ya mambo waliyoyapigania wakazi ni upana wa barabara. Vipimo vya kawaida vingebomoa nyumba nyingi mno, wakakubaliana na wapangaji wa mji juu ya njia nyembamba zinazotosha mabomba, gari la zimamoto na watu. Mwaka 2020 serikali ilipoanza kujenga barabara na mabomba ya maji taka, mpango ulikuwepo, na wenye nyumba walijua ni ukuta upi utaguswa. Kazi ya miaka ile haikuwa hasara. Upande mwingine wa mizani weka gharama ya kila siku ya Lubumbashi: njia inayopasuliwa baada ya nyumba kusimama, bomba linalozungushwa, fidia inayobishaniwa mahakamani kwa miaka kumi.

Mukuru pia imetuonyesha udhaifu wake, na nisingekuwa mkweli nikiuficha. Mwishoni mwa 2021 maelfu ya nyumba za Mukuru kwa Njenga zilivunjwa ili kupisha barabara, na ushirikishwaji wote ule haukuzizuia. Baadhi ya watu wamechukua hilo kuwa ushahidi kwamba mabaraza ni bure. Mimi nalisoma kinyume: makubaliano ambayo chombo kingine cha serikali kinaweza kuyaruka bila kujibu popote hayajawa makubaliano bado. Ndiyo maana nasema uwezo, sisemi kusikilizwa tu. Uamuzi wa wakazi juu ya mahali, ukubwa wa viwanja, bei ya kuanzia na maeneo ya pamoja uandikwe katika masharti ya kibali, ili anayeuvunja awe amevunja kibali.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, na katika mji huu husemwa kwa sauti ya chini: mkazi ni nani? Ukiwaita watu wapange mji, je, hutaamsha ugomvi wa mwenyeji na mgeni? Hofu hiyo ina misingi. Desemba 1957 Ubelgiji iliporuhusu uchaguzi wa kwanza wa manispaa hapa Élisabethville, wengi wa waliochaguliwa kuongoza komine za Waafrika hawakuwa na asili ya kusini mwa Katanga. Mwaka uliofuata ikazaliwa Conakat, chama cha waliojiita wenyeji halisi, na yaliyofuata hadi kujitenga kwa Katanga mwaka 1960 tunayajua. Mwaka 1992 na 1993 majirani wenye asili ya Kasai walifukuzwa kutoka miji ya Katanga, familia nzima zikingoja treni kwenye vituo, na wengi walifia njiani. Leo tena, treni na malori yanapowashusha vijana kutoka Kasai, maneno yaleyale husikika sokoni. Kwa hiyo anayesema kwamba baraza la wakazi linaweza kugeuka baraza la kabila hatanii.

Jibu langu ni kwamba ugomvi ule ulilishwa na siri. Mahali ambapo viwanja hugawiwa gizani, kila mtu huamini kwamba kabila jingine limependelewa, na mara nyingine huwa kweli. Dawa ni kumtambua mkazi kwa makao: analala wapi, tangu lini, kwa kodi au kwa mali yake. Asili isiulizwe kwenye fomu. Nchi hii haijafanya sensa tangu 1984, hivyo daftari la nyumba kwa nyumba litakuwa, pamoja na faida zake nyingine, hesabu ya kwanza ya kuaminika ambayo mitaa mingi imewahi kupata. Mpangaji wa chumba aandikwe sawa na mwenye lupango. Hili litapingwa na wenye malupango, nami nasimama nalo, kwa sababu mji usiomhesabu mpangaji hupanga nusu ya watu wake. Mwanamke aandikwe kwa jina lake, maana anayejua kisima kinakauka mwezi gani ni anayeteka, na katika nyumba nyingi huyo ndiye asiyeitwa kikaoni. Goma na Bukavu wana wakuu wao wa nyumba kumi, na umbo hilo halitamshangaza mtu hapa. Tahadhari ni kwamba wajumbe wachaguliwe na nyumba zenyewe, wasiteuliwe na ofisi.

Hapo linaingia swali la mashefu. Yapo malalamiko kila siku kwamba kipande kimoja kimeuzwa mara tatu: shefu wa mila kakiuza, shefu wa kartiye kakiuza, na mtu wa ofisi ya ardhi kakiuza. Wengine husema basi ushirikishwaji utawapa haohao nafasi ya nne. Ndivyo itakavyokuwa ikiwa mradi utamwita shefu peke yake, ukampa bahasha, kisha ukaandika kwamba jamii imekubali. Shefu ana kumbukumbu za mipaka na za makaburi ambazo hazipatikani kwingine, na aje kama shahidi wa hayo. Sahihi yake isihesabiwe kuwa sahihi ya watu. Kumbukumbu za vikao zibandikwe ukutani komine, kwa Kiswahili, na majina ya waliopinga yawemo kama walivyotaka wenyewe. Madiwani wa komine waliochaguliwa Desemba 2023 wana kazi ya maana hapa, kama watapenda kuifanya.

Nimebakiza hoja ambayo sina ushindi kamili juu yake. Wapangaji wa mji husema: ukiwauliza watu wa Lubumbashi, kila mmoja ataomba lupango pana, na mji wa malupango mapana hula msitu, huongeza mabomba, humfanya mfanyakazi apande mabasi mawili kufika mjini. Ni kweli. Katika hili mhandisi ana haki kuliko kura ya mtaa, na sitajifanya kwamba wengi hawakosei. Lakini mhandisi anayeshinda hoja ofisini hushindwa uwanjani, kwa kuwa aliyepewa kiwanja kidogo bila kuelewa hununua cha jirani, au huvuka mpaka. Mabishano haya yafanyike na watu, tena juu ya ardhi yenyewe. Karatasi huwadanganya wengi, wasomi wakiwemo. Chora nyumba chini kwa kamba na vigingi kwa ukubwa wake halisi. Mwache mama aingie, aonyeshe mbabula utakaa wapi, kitanda cha tatu kitaingia wapi, mtoto akitoka usiku atapita wapi. Ukiwaonyesha kwamba uwanja mmoja wa pamoja unabeba kilio cha nyumba ishirini na bustani ya nyumba ishirini, baadhi yao watakubali viwanja vidogo, wakidai kwa haki yote kwamba uwanja huo usije ukauzwa kesho. Wengine watakataa. Kukataa kwao kuna habari ndani yake: kunaonyesha ni ahadi ipi ya serikali au ya kampuni ambayo hawaiamini tena, na mpangaji mwenye busara ataanza kazi yake hapo.

Nawaomba basi wote wenye sauti katika kutoa vibali, huko mkoani, mjini na kwenye komine, na walimu wanaowafundisha wabunifu wetu wa kesho: mwombaji wa mradi ujao wa makazi aulizwe swali moja kabla ya kuulizwa umeme wa jua na miti. Ni kitu gani kwenye mchoro wake kilichobadilika kwa sababu ya wakazi? Akikionyesha, asikilizwe. Akikosa cha kuonyesha, arudishiwe jalada lake, na kibali kisubiri.